Muhuri wa Kiazi

Wizara ya Maji niliipata kwa bahati nasibu,
kikaratasi ndani ya kofia ya mwalimu Ndahani.
Chilewa kapata Fedha, papo hapo kakunja uso.
Sechelela, Rais, kaulizia kwanza kitambaa cha meza.

Nchi yetu haimo kwenye ramani yoyote.
Tuliichora Ijumaa ubaoni: mito mitatu,
mpaka mrefu, deni,
na wilaya kumi na moja zisizo na majina, herufi tu.
Bwalo likawa Ikulu. Harufu ya maharage haikuhama.

Kengele ya chakula ikilia, dharura imeingia.
Ya kwanza: mto wa kaskazini umekauka.
Ya pili, hatujakaa vizuri: wadai wanataka chao mwezi huu.
Ya tatu: watu elfu arobaini wamelala mpakani
na mvua hakuna, hata ya kuwalowesha.

Nyemo, balozi wa jirani, kaja na tai ya baba yake
inayomfika mapajani.
"Mheshimiwa, unga tunao. Nyinyi mna nini?"
Huyu ndiye aliyeazima kalamu yangu juzi, hajairudisha.

Tukabishana hadi koo zikakauka.
Upepo wa Agosti ukapita kwenye kioo kilichovunjika,
ukamwaga vumbi jekundu juu ya mkataba.
Chilewa kalipuliza, kasoma hesabu:
visima kumi na viwili, au unga.
"Visima vya wapi?"
"Wilaya ya K."

Wilaya ya K ni chaki,
pembe ya ubao ambako kifutio hakifiki.
Nikaushika muhuri, kiazi kitamu
alichokichonga Sechelela kwa wembe,
twiga mwenye miguu mitatu,
nikagonga.
Wakapiga makofi. Mwalimu kaandika:
uamuzi wa haraka, tisa kwa kumi.

Niligonga vizuri. Hilo ndilo lililonifuata
mpaka nyumbani, Chigongwe, Jumamosi.

Mama alitoka na ndoo saa kumi alfajiri,
akarudi saa nne.
"Kisima cha pili nacho kimekufa.
Walikuja, wakapima, wakaandika."
"Wakasemaje?"
"Tumo kwenye orodha."
Akanimiminia kata moja ninawe.
Wino wa zambarau ulikuwa bado kidoleni.
Nikasugua kidogo, nikaacha;
yale yalikuwa maji ya kupikia.

Jumatatu nikaomba kikao kifunguliwe upya.
Chilewa kacheka, si kwa ubaya:
"Mchezo umekwisha, waziri.
Muhuri wenyewe kaula mbuzi wa mpishi."

Nikaingia bwaloni peke yangu.
Mito ilikwisha futwa, mpaka pia,
pembe ile ilikuwepo.
Nikaiondoa K kwa kiganja, nikaandika Chigongwe,
chini yake mama, kisha mama Lechipya,
kisha bibi Nhonya anayekopesha madumu,
mwandiko ukizidi kuwa mdogo,
hadi nikafika kwenye mbao za fremu
na watu bado.