Baa ya Gramu Tatu

Neno hili, baa, lilikuwa na nyumba mbili:
moja ya walevi, moja ya maafa.
Sasa limepanga chumba cha tatu,
chembamba, cha karatasi inayong'aa,
kando ya usukani wa kombaini
ya Irwin Wiebe, mkulima wa ngano,
maili sita kutoka Rosthern, Saskatchewan.

Machi, theluji ikiwa bado magotini,
muuguzi Delphine Okemow alimwambia:
gramu ishirini za wanga kwa siku, Bwana Wiebe.
Si ishirini na moja.
Mkate basi. Viazi basi.
Na zile vareniki za Lorna zilizojaa jibini,
ziage kwa heshima.

Irwin akacheka kicheko cha mfiwa.
Ekari elfu mbili za ngano,
na mwenye shamba hana ruhusa ya tonge!
Mganga hajigangi, sawa. Na mvunaji je?

Ndipo binti yake Janelle akaleta kasha kutoka Saskatoon:
baa kumi na mbili, chokoleti na chumvi.
Mbele, kwa herufi za dhahabu:
WANGA HALISI, GRAMU TATU.
Nyuma, kwa herufi za sisimizi:
jumla ya wanga, ishirini na nne.
Toa nyuzinyuzi za mzizi wa chikori, tisa.
Toa maltitoli, binamu ya sukari
aliyebadilisha jina la ukoo, kumi na mbili.
Zinabaki tatu.

Irwin akavaa miwani, akasoma mara mbili.
Kutoa anakujua.
Miaka thelathini na minane amepeleka ngano ghalani,
na miaka thelathini na minane mtu wa mizani
anamkata: hiki cha makapi, hiki cha unyevu,
hiki cha mbegu za magugu,
na kila kilichokatwa kilitoka mfukoni mwake.
Leo kwa mara ya kwanza
anakutana na hesabu ya kutoa inayompendelea.
Akaiogopa.

Lakini ilikuwa saa nne usiku, Septemba,
vumbi likicheza kwenye taa za mashine,
na mvua imetangazwa ya Alhamisi.
Akadunga kidole: sita nukta moja.
Akala.
Tamu, jamani, tamu kuliko haki yake,
ikang'ang'ania meno kama lami.
Saa moja baadaye akadunga tena:
tisa nukta nane.

Hakutukana; hakulelewa hivyo.
Alizima redio tu.
Tumbo ndilo lililotukana kwa niaba yake,
likinguruma hadi mzunguko wa mwisho.

Usiku wa pili akarudia, maana mtu mmoja si shahidi.
Tisa nukta tano.
Usiku wa tatu, mayai mawili na soseji ya Lorna
iliyofungwa kwenye taulo la jikoni:
sita nukta moja, kisha sita nukta tatu.

"Lakini Baba," Janelle akasema kwenye simu,
"Corbin wa ofisini anazila kila siku
na kipimo chake hakisogei."
"Huenda," Irwin akajibu. "Mimi si Corbin."
Kisha wakazungumza juu ya mvua.

Zile tisa zilizobaki
Lorna anazila asubuhi na kahawa,
akijaza fumbo la gazeti,
hajawahi kugeuza karatasi nyuma.

Jumatano jioni, kabla ya kufungua shamba la mwisho,
Irwin akavunja suke,
akalisugua viganjani, akapuliza makapi,
akatia punje mdomoni kama alivyofundishwa na babake:
ikilia kati ya meno, imekauka, vuna.
Ililia.
Aliendelea kutafuna,
zaidi ya kipimo, mpaka ikawa ulimbo,
mpaka ikawa na utamu ule wa polepole
usiotangazwa na mtu.

Akameza.
Akatoa daftari la muuguzi mfukoni, akaandika:
ngano, punje kumi na nne.
Kwenye safu ya wanga alifikiri kidogo,
kisha akaandika: wote.