Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Faki Asaa kasema: mlango ni wako
ukileta kodi ya miezi sita, Ijumaa, baada ya sala.
Ukichelewa, yupo kijana wa Chake
anautaka auzie vocha na vioo vya simu.

Mlango wenyewe wa mbao, chini umeliwa na mchwa,
uko Jadida, mkabala na fundi baiskeli.
Wiki hii nimeupita mara nne kwa makusudi.
Mara ya nne fundi akaniuliza
kama kuna kitu nimekipoteza.

Miaka kumi na mitatu niko masjala ya hospitali.
Wete nzima naijua kwa faili:
nani alitanguliza miguu kuzaliwa,
nani alikuja na homa akarudi na pacha.
Mshahara huingia tarehe ishirini na tano.
Ukikawia, umetukawilia sote,
na kifo cha wengi harusi.
Mkate ukishuka, unanishukia mimi peke yangu.

Lakini alfajiri, kabla sijavaa baibui la kazini,
mchele umelala majini, tui zito, hiliki, hamira,
mkono wangu unajua bila kuambiwa
pale unga usipokuwa uji
wala usipokuwa maji.
Nikifika dirishani nanukia hiliki
mpaka faili za wodi ya wazazi zinanukia.

Mama anasema: "Kiinua mgongo, Mize. Kiinua mgongo."
Hulitamka kama jina la mkwe aliye safarini.
Wa kwake mgongo hakuna aliyeuinua:
miaka arobaini akichambua karafuu za wenyewe.
Hata akilala, vidole vinachambua.

Shaame hasemi fanya, hasemi usifanye.
Huuliza tu.
Na gesi ikipanda?
Mkaa.
Na mkaa ukiloa?
Kuni.
Na wewe ukiumwa?
Nikaondoa vikombe.

Mali bila daftari huisha bila habari,
na daftari ndiyo kazi niliyosomea.
Nikachukua rejista iliyokwisha ya mwaka juzi,
nyuma ya majina ya wagonjwa wa nje
nikapanga: mchele, nazi, sukari, kodi,
mtoto wa kunisaidia, mifuko.
Hesabu ya kwanza, faida.
Nikarudia, hasara.
Ya tatu kwa kalamu nyekundu:
elfu saba na mia nne kwa wiki.
Si faida ya mtu kuachia kazi,
si hasara ya mtu kupata usingizi.

Bikombo wa dirisha la pili akanipa habari za mjomba wake
aliyeacha ualimu akafungua duka la rangi Mkoani.
"Bado anauza rangi?"
"Anapaka. Nyumba za watu."
Tukacheka mpaka mgonjwa akagonga kioo,
kisha mimi nikaendelea kucheka peke yangu
na haikuwa kicheko.

Mkate wa kumimina ukiufunua mapema
hubonyea katikati. Ukiuacha, chini huungua.
Saa haisaidii kitu.
Ni pua, na pua yangu leo ina mafua.

Sasa ni saa tano za usiku.
Karatasi ipo mezani. Nimeandika tarehe,
nimeandika K.K. Daktari Dhamana,
nimeandika YAH, nukta mbili,
na baada ya nukta mbili pana mbu aliyekufa.

Kesho wameagiza mikate minne tu ofisini.
Nusu pishi inatosha na kubaki.

Nikaivuta kutoka uvunguni sufuria ya harusi,
ile tuliyoazima kwa Bi Kazija akasahau kuidai.
Nikapima pishi moja.
Nikapima ya pili.
Shaame akatokea mlangoni na tochi ya simu,
nywele upande, shuka begani.
"Kuna wageni?"

Sikumjibu.
Maji yalikuwa yanapanda juu ya mchele
na mimi nilikuwa nachota ya tatu.