Nilikuja na Tepu ya Kupimia

Nilifika Svaneti na tepu ya kupimia,
daftari la kurasa mia, kalamu tatu,
nikauzunguka mnara wa akina Parjiani
kama daktari azungukaye kitanda.
Kimo: mita ishirini na tatu.
Madirisha: manne, membamba, yote juu.
Mlango: hauanzii chini.
Nikaandika, *Ulijengwa kwa ajili ya ulinzi*,
nikapiga mstari.

Makvala alikuwa zizini, ndoo mkononi.
"Umemaliza?"
Nikasema nimemaliza.
"Basi njoo unishikie ndama."

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Makvala hakungoja.

Nilishika ndama. Nilimwaga maziwa.
Nilikata nyasi kwa mundu wa mpini mrefu
kwenye mteremko uliosimama kama ukuta,
Beka akiwa amenifunga kamba kiunoni:
"Wageni huviringika," alisema, "kama viazi."
Ng'ambo, mlima Ushba ulivaa wingu, ukavua, ukavaa tena,
kama mtu asiyejua anakwenda arusini au msibani.
Jioni viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu
na daftari lilikuwa mfukoni, halijafunguliwa,
lina harufu ya samli.

Siku ya tisa mvua ilitukimbiza.
Tukazitupa nyasi mnarani, na mimi nyuma yake,
juu ya gogo lililochongwa vidato,
gogo ambalo zamani
wa mwisho kupanda alilivuta ndani.
Humo mna viazi. Mna matairi mawili,
fremu ya kitanda, jibini chini ya kitambaa,
na giza linalonuka moshi wa watu nisiowajua.

Nikajikwaa kwenye dirisha la juu.
Goti langu likaangukia shimo katika jiwe,
shimo dogo, laini kama bakuli la mbao,
likaenea humo
kana kwamba lilikuwa likisubiriwa.

"Hapo walipiga magoti," Makvala alisema,
kwa Kirusi chake kibovu na changu kibovu zaidi.
"Kuomba?"
"Kutazama nani anakuja."
"Nani alikuwa anakuja?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nikachungulia.
Hatua sitini, labda sabini:
kamba ya nguo, soksi zimeloa,
mama mmoja amejifunika gunia kichwani
anang'oa vitunguu mvuani bila haraka.
"Wale. Babu zake kwa babu zetu.
Saba wao, tisa sisi. Au kinyume chake.
Huyo ni Nargiza. Huyo ndiye aliyempokea Beka
usiku theluji ilipofunga barabara."
Kisha akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele,
jambo fulani kuhusu vitunguu,
na chini kule Nargiza akajibu kwa tusi,
wakacheka wote wawili.

Sikunyanyuka upesi. Jiwe lilikuwa baridi.

Tepu nimewaachia; Beka anapimia mbao za zizi.
Nimeandika ukurasa mmoja.
Unaanza na ndama.