Karani wa Mizani

Saa kumi na moja alfajiri, Kitangari bado imejifunika ukungu,
natoboa kidole cha pete, ubavuni,
kama alivyonielekeza nesi Lukia: katikati panauma bure.
Tone linakuja shingo upande. Kimashine kinahesabu.
Tisa nukta moja.
Nachukua tepe jingine, kidole kilekile:
saba nukta nane.
La tatu (Somoe akikumbuka bei yake atanifukuza):
nane nukta sita.

Dakika tatu hazijaisha. Sijala. Sijanywa. Sijagombana na mtu.
Basi yupi kati ya hawa watatu ni mimi?

Mimi niliyekaa misimu kumi na saba nyuma ya mizani ya chama,
ghalani, magunia yamepandana hadi kwenye kenchi,
nikisoma sindano kwa sauti:
"Themanini na moja! Toa gunia, toa unyaufu. Anayefuata!"
Nilikuwa na jiwe la mizani, la chuma, kilo ishirini,
limegongwa muhuri. Kila Jumatatu nalipandisha,
sindano ikisema ishirini, ubishi umekwisha.
Bibi Nantende alisimama mbele yangu mwaka ule wa bei nzuri.
"Mwanangu, nyumbani lilikuwa zito zaidi."
Nikamjibu bila kuinua uso: "Mashine haidanganyi, bibi."
Hakubisha. Alifunga upya ushungi wake, akaondoka,
na nusu kilo yake ikabaki sijui wapi.

Damu haina jiwe.

Mwezi wa kumi uliopita, tangu asubuhi
nilikuwa nachopoa korosho kwenye mabibo,
mikono nikaifuta kwenye suruali, nikapima.
Ishirini na mbili nukta tatu.
Nikaliona kaburi langu, na watakaolia, na watakaoigiza.
Nikamwonyesha Somoe zilipo stakabadhi,
nikamtajia deni la salfa, na namba ya kijana wetu aliye Nachingwea.
Somoe akaushika mkono wangu, akaunusa.
"Wewe mzee, umepima bibo."
Akamimina maji, nusu kata tu,
maana huku kwetu maji yanaupanda mlima kwa fedha,
akanisugua vidole kwa kipande cha sabuni kama anayesugua sufuria.
Nane nukta nne.
Alicheka mpaka kuku wakatoka jikoni.

Bado sikuridhika. Karani haridhiki.
Nikaenda Newala na kimashine mfukoni kama mtu anayempeleka mwizi kituoni.
Nesi Lukia akavuta damu ya mshipa, wakaipeleka kwenye mashine kubwa;
ikarudi saba nukta tisa. Changu, saa ileile, nane nukta nane.
Nikangoja atamke kwamba ni kibovu.
"Kizima," akasema, huku akiandika.
"Hiki kinajua mtaa unaokaa, mzee. Nyumba hakijui.
Tazama mwezi mzima, namba zinapanda au zinashuka.
Na hilo kopo la tepe lifunge. Ukungu wenu huo unaingia kila mahali."

Mtaa. Nilirudi na neno hilo kwenye bodaboda, vumbi jekundu mdomoni.
Mtaa wa nane. Majirani saba na tisa, wanaingiliana bila kubisha hodi.

Leo nimefungua daftari la zamani la chama,
nililobaki nalo siku ya kustaafu, kurasa nyingi bado nyeupe,
lenye safu ya unyaufu ambayo sikuwahi kumweleza mkulima yeyote.
Nimeandika: Jumanne. Mikono imeoshwa. Nane, takriban.

Misimu kumi na saba, neno hilo sikuliandika hata mara moja.
Nimelitazama wino ukikauka.
Lingenifaa siku ile, mbele ya ushungi ule,
lingetosha kunifanya niinue uso, niseme:
lipandishe tena, bibi, tuone.