Namba Nilizopaka Mikindani

Karatasi yasema: anzia kituo cha basi,
ipe bahari mkono wa kulia, fuata namba.
Huhitaji kiongozi.
Sihitaji, kweli. Namba nilizipaka mimi,
kumi na saba, buluu ya mafuta,
kwa brashi ileile iliyoandika
"Soda Baridi" na "Leo Hatukopeshi"
kutoka Magomeni mpaka Mtawanya.

Lakini kupaka si kutembea.
Siku ile nilikuwa na ngazi, na jua, na hesabu ya malipo;
kuta nilizijua kwa jinsi zinavyonyonya rangi.
Leo Jumapili nimevaa viatu,
karatasi nimeikunja mara nne kama mgeni,
ninasoma.

Namba moja. Mlango.
Karatasi inahesabu maua yaliyochongwa,
inasema "huenda" mara tatu katika mistari minne.
Haimtaji Shazili anayelala nyuma yake
na baiskeli yake ya kuuzia maji,
wala komeo la juzi, lililokatwa kwenye kopo la samli.

Namba nne naipita haraka.
Ukuta mnene, madirisha ya juu.
Karatasi yasema watu waliuzwa hapa,
halafu nukta,
halafu mahali pa kununua vinyago.
Bibi yake baba hakuwa na ukoo wa kutaja.
Alikuwa na jina la saa aliyofika: Chausiku.
Akiulizwa kwenu wapi, alisema, "Bara,"
akaelekeza kwa kidevu, basi.
Mbuzi anajikuna kwenye pembe ya ukuta.
Naendelea.

Kati ya saba na nane karatasi iko kimya
kiasi cha mita mia.
Hapo ndipo Bi Somoe Nachundu anapouzia ming'oko.
Siku ile aliniuliza, "Na mimi unanipa ngapi?"
Nikamwambia orodha imetoka mjini, ina muhuri.
"Nyumba yangu nayo imebomoka vya kutosha.
Inakosa nini?"
Rangi ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo.
Nikampakia saba na nusu.
Tangu hapo wageni husimama, huigeuza karatasi huku na huku,
huitafuta nusu, hawaioni,
hununua ming'oko.
Leo amenipa fungu bure, la moto, na chumvi kwenye gazeti.
Anasema aliyeandika karatasi arudi shule.

Tisa imeanguka.
Masika yameula ukuta; jiwe la matumbawe limelala majanini
na namba yangu juu yake, kichwa chini:
sita.
Juzi, wanasema, mzungu mmoja aliikuta
akarudi alikotoka, akidhani amezunguka.

Kumi na moja wameifuta kwa sababu ya arusi.
Chokaa ukuta mzima, na jina la bwana arusi
kwa mkaa, herufi zimeegemeana kama walevi wa uraka.
Kama fundi, niliumia.
Kisha nikalisoma jina mara mbili.

Kumi na saba haina jengo. Karatasi yasema: mandhari.
Sikupata pa kupaka, nikapaka kifuniko cha mtaro.
Maji yamekupwa. Wanawake wameinama topeni,
wanaokota kombe, wananisema,
maana mtu mzima anayesoma karatasi akiwa amesimama
lazima ana kesi.

Mstari wa mwisho: rudi kwa njia uliyojia.

Basi narudi.
Sita isiyo sita. Bi Somoe anafunga vyungu.
Kivuli kimeshafika namba nne
na mbuzi ameondoka.
Chini ya tarakimu kuna tone la buluu,
lilinidondoka siku ile, likateremka ukutani
mpaka karibu na ardhi.
Msimamizi alisema ni uchafu, nilifute.
Nilimwambia nitalifuta.