Tuta la Gijsbert

Miaka thelathini na mmoja alipandisha tuta,
udongo juu ya udongo,
akihubiri kando ya mto Waal:
maji hayapewi hata kizingiti.

Leo amekuja na ramani nyingine.
Anaonyesha kwa kalamu ya risasi pa kukata,
mto upite, ukalale malishoni mwa Aleida
kila theluji ya milimani inapoyeyuka.

Aleida hakumkaribisha kiti.
"Mtu wa kauli mbili wewe.
Baba yangu alikufa akikuamini.
Ulikosea wakati ule, au unakosea sasa?"

Gijsbert akatazama buti zake,
tope la leo juu ya tope kavu la juzi.
Angeweza kusema: mto umebadilika.
Kweli, lakini si kweli yote.
Angeweza kusema: nimezeeka, nimeerevuka.
Hilo hata kondoo wangelicheka.

"Nyumba yako," akasema mwishowe,
"naizungushia tuta refu kuliko la kwanza.
Malisho ndiyo ninayoyafungulia.
Mkono ni uleule, Aleida.
Kama ni imani moja au mbili, sijui.
Usiku nikilala huwa moja.
Nikiamka nazikuta mbili,
zimekaa kitandani, kila moja na soksi zake."

Aleida akamwaga kahawa iliyopoa,
akateleka nyingine.
Kisha akaivuta ramani upande wake,
akaweka kidole penye mpeasi alioupanda babaye.

"Na huu je?"

Gijsbert akafikicha macho.
Juu ya mti huo
hakuwa na kauli hata moja.