Tano za Nini

Kibuye, Jumapili. Mizani yangu inaning'inia kwenye boriti
na vijana wanamwaga magunia:
bawaba, sufuria zilizotoboka, minyororo ya baiskeli.
Odindo huleta shaba ndani ya soksi,
maana shaba, anasema, haikai na watu wa chuma.
Sijamwambia kwamba mimi
huitazama soksi kabla ya mizani.

Leo imo moja.
Duara, nene kuliko senti kumi ya zamani,
haina kichwa cha mfalme, haina mwaka,
haina hata neno senti.
Nimeiosha kwa maji na mswaki laini, basi.
Zamani niliwahi kusugua mwenzake kwa limau na majivu,
ikang'aa kama jino la bandia
na maandishi yakaondoka na uchafu.
Tangu hapo sisugui.

Natandaza juu yake karatasi ya pakiti ya sigara,
nalaza kalamu ya risasi, napapasa kwa ubavu wake.
Herufi zinatoka moja moja, kama kumbikumbi shimoni:
A. N. J. I.
Mbele yake pamelika.
Chini, LUANDA.
Nyuma, 5,
na juu ya tano, tundu la msumari.

Anji. Kanji? Ratanji?
Daftari langu lina maduka thelathini na moja yaliyokufa,
kuanzia Kendu Bay hadi Butere:
huyu alitoa bati la pembe sita kwa debe la wimbi,
yule aliwalipa wakata miwa kwa vipande
visivyonunua kitu popote ila kwake.
Na kurasa nyingi zina neno moja tu, la penseli:
sijui.

Jumanne nilikwenda Luanda.
Maduka ya kando ya reli, mabati yana kutu,
veranda ambako cherehani ziliwahi kupanga foleni.
Kwenye kipaji cha duka la tatu, chini ya rangi ya kijani,
plasta imeshikilia herufi zake:
K A L Y A
halafu pengo, mvua ilikong'oa ukuta.
Nikainua karatasi yangu, nikafumba jicho moja,
nikaisogeza mpaka A ikakaa juu ya A.

Kalyanji!
Nilicheka peke yangu barabarani.
Mwenye bodaboda akaniuliza tunaelekea wapi.

Ndani, nyuma ya wavu, Ayuma anauza pesa za simu.
Nikaipitisha shaba chini ya wavu.
Akaigeuza, akaipima kiganjani.
"Tano za nini?"
Nikakosa jibu.
Ratili tano za chumvi? Vibaba vya mafuta ya taa?
Siku tano za kuchambua pamba?
Kalyanji alijua, na aliyepokea alijua,
hawakuona haja ya kuandika.
Simu ya Ayuma ikalia: mtu katuma, mtu kapokea,
hakuna aliyegusa kitu.

Bwana Wafubwa wa Milimani ana kabati la vioo na lenzi ya jichoni.
Ingekuwa nzima, elfu tatu.
Hii, mia mbili.
"Imeharibiwa," akasema, ukucha wake juu ya tundu.

Nikaomba lenzi.
Upande wa msumari kingo zimechomoza bado,
lakini juu, panapopita uzi, shaba imelika ikawa laini,
na msumari haulainishi kitu.
Ni uzi huo, ni jasho, ni miaka.
Mtu alifika dukani akakuta kufuli,
Kalyanji kaondoka na ile tano;
akarudi nyumbani, akaitoboa,
akaifunga kiunoni mwa mtoto pamoja na shanga,
igongane, isikike
mtoto akitambaa kuelekea mafigani.

Mia mbili yake nilimwachia.

Namba thelathini na mbili.
Kalyanji, Luanda. Shaba. Gramu sita na nusu.
Tundu: lipo, la mwenyewe.
Thamani: tano za

hapo nimeacha nafasi.